Kikwaru cha Mwenyekiti

"Hakuna jogoo aliyeingia mikononi mwangu akichechemea akatoka akichechemea," Bibi Shikilia alipenda kuwaambia watu waliomletea kuku wao. Kisha, kabla hajamaliza kukunja mikono ya gauni, aliongeza, "Wengine hawakutoka kabisa. Tuliwala."

Watu walicheka, wakamwachia jogoo. Jina la Shikilia alilipatia kwenye kazi hiyo hiyo. Aliyemleta mgonjwa ndiye aliyembana mbawa, na Bibi hakukoma kumwambia shikilia, shikilia hapo, shikilia hivyo hivyo, mpaka mshikaji akatokwa jasho kuliko mgonjwa. Alijua kufungua uzi uliojiviringisha kwenye kidole cha kuku hadi kidole kikawa cheusi. Alijua kuloweka unyayo uliovimba katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akangoja kigaga cheusi kama punje ya pilipili manga kilainike na kuachia uchafu wake.

Na alijua vikwaru. Kikwaru ni ule mwiba mgumu unaoota nyuma ya mguu wa jogoo. Ukiachwa ukarefuka unachana migongo ya mitetea, na ukipinda unarudi kumchoma mwenyewe. Bibi alichemsha kiazi, akakichomeka kwenye kikwaru kingali moto, akiangalia kisiguse ngozi, akangoja, kisha akapinda taratibu kama mtu anayefungua chupa ya mafuta. Ganda la nje likatoka zima, likaacha ndani kikwaru kingine kidogo, laini, ambacho kingehitaji siku kadhaa za utulivu kabla ya kuwa kigumu tena. Siri yote ilikuwa subira. Mtu akivuta kwa pupa, anatoa damu.

Mumewe alikuwa fundi viatu. Miguu ya kuku haikumhusu, lakini alikuwa na maoni nayo. Aliketi barazani siku nzima na kisu chake, tupa, nyuzi na kopo la gundi, akishona soli za watu wasio na haraka ya viatu vyao, na kila Bibi alipochemsha kiazi alisema, "Kitu cha kukata kwa tupa, mtu anapoteza chakula."

"Wewe kata visigino," Bibi alimjibu. "Kisigino kikitoka damu, niite."

Walivyoishi, waliishi kwa mayai. Soli zilileta chumvi na sabuni. Mayai yalileta yaliyobaki. Mayai hayo hayakuwa ya kukaangwa. Yalikwenda kwa Mama Mashine, mwanamke mwenye mashine ya kutotolea vifaranga mtaa wa pili, naye hakununua yai la mtu yeyote kabla hajamwona baba yake. Baba wa mayai yote ya Bibi alikuwa jogoo mmoja mwekundu aliyeitwa Mwenyekiti, kwa sababu alisema wa kwanza asubuhi, alitembea mbele ya wote, na hakuna aliyewahi kumwona akibeba kitu.

Mkwe wao alipojifungua, Bibi alikwenda kukaa kwa mwanawe kumsaidia. Mwana alikuwa fundi umeme, mwenye nyumba ya kupanga yenye vigae sakafuni na mlango usiotakiwa kubamizwa. Bibi alilazwa katika chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo ya nyaya na makopo ya rangi, ambako kitanda kilizuia mlango kufunguka wote, ikabidi aingie kwa ubavu. Walimheshimu. Walimsalimia asubuhi na jioni. Lakini sukari ilikuwa kabatini, kabati lilikuwa na ufunguo, na ufunguo ulikuwa kwa mkwewe, ambaye hakuuficha kwa ubaya, alikuwa tu na desturi ya kufunga vitu.

"Mwanangu, naomba sukari," Bibi alisema mlangoni, amesimama na kikombe kama mtoto aliyetumwa.

"Ah, Mama, samahani jamani. Vijiko viwili, au?"

Alikuwa amezoea vitatu. Akasema viwili.

Aliporudi kwake alivua viatu nje ya uzio ili aikanyage ardhi yake vizuri. Mitetea ikamkimbilia. Mwenyekiti hakukimbia. Alikuwa amesimama kando ya pipa la maji kwa mguu mmoja, mguu wa kushoto ameukunja tumboni, na alipouteremsha ili amwendee, aliuteremsha kama mtu anayejaribu maji ya moto.

"Amefanywa nini huyu?"

Fundi viatu aliweka sindano chini. "Mbwa," alisema.

"Mbwa gani?"

"Wa huyo Fundi Cherehani. Jeshi. Alipenya hapo chini ya mabati, akamkamata mguu, nikamfukuza na kiatu cha mteja." Alinyanyua uso akatazama paa la baraza. "Na bati lile linahitaji msumari. Upepo ukija litaondoka."

Bibi alitazama bati. Kweli kona yake ilikuwa imenyanyuka kidogo. "Basi lipigilie," alisema, "kabla halijamwangukia mtu," na akamchukua jogoo kwapani. Aliuchunguza mguu, kidole kwa kidole, unyayo, kifundo. Hakuona alama ya jino. Juu kidogo ya unyayo, karibu na kikwaru, mguu ulikuwa na joto na umeanza kujaa. Kikwaru chenyewe kilikuwa mahali pake, kinang'aa.

"Amebanwa bila kutobolewa," aliamua. "Jeraha la ndani. Hayo ndiyo mabaya." Akasema hivyo kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyaponya mengi, akakunja mikono ya gauni.

Nyuma akasikia mumewe akipigilia msumari kwa bidii ambayo hakuwa ameionyesha tangu msimu wa mvua uliopita.

*

Fundi Cherehani alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, kijana mwenye mashine mpya ya kushonea aliyoinunua kwa shida na kuilinda kwa shida zaidi. Kwenye lango lake aliandika kwa rangi nyekundu MBWA MKALI, kisha baadaye akaongeza SANA. Mbwa mwenyewe watu walimsikia tu. Aliletwa siku moja ndani ya gari la kaka yake, akafungiwa nyuma ya mabati, na kila mtu alipopita njiani mbwa huyo alitoa sauti nzito ya kukoroma iliyowafanya wanafunzi kuvuka upande wa pili.

Bibi alibisha lango kwa fimbo. Ndani, Jeshi akaanza.

"Fundi," alisema kijana alipotoka na futi ya kitambaa shingoni, "mbwa wako ameniulia jogoo."

"Jeshi?"

"Una mwingine?"

"Hapana, Bibi. Shikamoo. Amekufa?"

"Marahaba. Hajafa, mimi nipo. Lakini anasimama mguu mmoja kama kiti kibovu. Mzee wangu aliona kwa macho yake."

Kijana alifungua mdomo, akaufunga. Alitazama nyuma, ambako sauti ile ilikuwa inaendelea, akatazama njia, ambako mwanamke mmoja aliyebeba ndoo alikuwa amesimama kusikiliza. Mabega yake yakapanda kidogo.

"Jeshi ni mkali sana, Bibi," alisema, kwa sauti iliyofika kwenye ndoo. "Nimejaribu kumzuia, siwezi. Yule hata mimi mwenyewe nampa chakula kwa mti mrefu. Poleni sana. Nitamfupisha kamba. Na kwa jogoo, usiwe na wasiwasi, nitakuletea pumba. Kila asubuhi. Mpaka apone."

Bibi alikuja amejiandaa kugombana mpaka saa ya chakula. Aliondoka amebeba vipande vya kitambaa cheupe vya kufungia kidonda, alivyopewa bila kuomba, akijiuliza kwa nini mtu aliyetiwa hatiani amemsindikiza kwa furaha namna ile.

*

Alimtibu Mwenyekiti kwa kila alichojua. Alimtenga katika tenga pana lenye maranda laini, karibu na mitetea ili awaone na asife moyo. Alimshushia kitu cha kulalia chini kabisa ili asiruke. Alimloweka mguu katika maji ya chumvi, akamfunga vitambaa vya Fundi Cherehani, akafungua, akafunga. Fundi viatu alishikilia. Safari hii hakulalamika kwamba mikono imekufa ganzi, na mara mbili aliteka maji bila kutumwa.

Mguu ukazidi kujaa.

Jogoo anayesimama kwa mguu mmoja anaweza kuwika, anaweza kula, anaweza hata kutukana wapita njia. Asichoweza ni kumpanda mtetea, maana hapo anahitaji miguu yote miwili na moyo uliotulia. Bibi alilijua hilo. Alitumaini tu kwamba mayai hayatalijua.

Mama Mashine alirudi amebeba trei ya mayai aliyoyachukua kwa Bibi wiki iliyotangulia, na tochi ndogo ndani ya mfuko wa koti. Alikuwa mwanamke mfupi, msafi, asiyepaza sauti, aliyezoea kufungua midomo ya kuku na kuchungulia kabla hata hajasalimia wenye kuku. Aliketi barazani, akaweka yai juu ya mwanga wa tochi, akaliziba kwa kiganja. Ndani kulikuwa kweupe.

"Yamekaa wiki nzima kwenye mashine," alisema. "Maji matupu, Bibi. Hili. Na hili. Na lile pale."

"Labda mashine yako imepoa."

"Ya jirani yako wa chini yametotolewa, mashine hiyo hiyo." Alizima tochi. "Mitetea yako inataga vizuri, sikatai. Lakini inataga peke yake."

Fundi viatu alicheka, akaona hakuna anayecheka naye, akarudi kwenye soli yake.

Mama Mashine alimtazama Mwenyekiti ndani ya tenga lake. "Kama ni ugonjwa wa miguu, siwezi kuchukua hata yai moja. Nikiuingiza kwangu nimekwisha."

"Si ugonjwa. Ameumia."

"Basi apone. Nitarudi mwisho wa mwezi. Nataka nimwone akitembea, nataka nimwone akipanda, na nataka umwatamishe mtetea mmoja mayai, niyapige tochi mwenyewe hapa hapa. Nikiona mishipa, tunaendelea kama zamani. Nisipoona..." Alifunga koti. "Mimi nakupenda, Bibi. Lakini mashine haijui kupenda."

Habari zilimfikia fundi umeme kabla ya jioni, maana wiki ile ndiye aliyemfungia Mama Mashine waya mpya. Alikuja na pikipiki, hakuvua kofia ngumu mpaka alipokumbushwa.

"Mama, mimi sisemi kitu kibaya," alisema. "Mkiwa na mayai, kaeni. Nani atawaondoa? Lakini mayai yakikataliwa, mtakula nini, gundi? Chumba kipo. Tumekitolea nyaya zote. Nimekipima, vitanda viwili vinaingia tukivibananisha."

"Na mlango?"

"Mlango tutaona."

"Na kuku?"

Alitazama kofia yake. "Mwenye nyumba hataki kuku. Ni yeye, si sisi. Baba atafunga vyombo vyake kwenye boksi, kazi atapumzika, si amechoka? Mwisho wa mwezi nikodi gari, nikodi nisikodi?"

"Mwanangu," Bibi alisema, "huyo jogoo atatembea. Mimi nimesimamisha majogoo ambao wenye nao walishakaanga vitunguu."

Alisema kwa uhakika, na mwana akamwamini, akaondoka ametulia. Alipokwisha kuondoka, Bibi alikwenda jikoni, akafungua kopo lake la sukari lisilo na kifuniko wala ufunguo, akatia vijiko vitatu katika kikombe cha maji baridi, akanywa.

*

Kesho yake asubuhi alimgeuza Mwenyekiti chali magotini, akamwangalia upya, kama mtu asiyemjua. Alisahau mbwa. Akabonyeza kidogo kidogo kutoka kidoleni kupanda juu. Kidole, hakuna. Unyayo, hakuna. Kifundo, hakuna. Alipofika kwenye kikwaru, jogoo akapiga mbawa akamrushia maranda usoni.

"Kumbe ni hapa," Bibi alisema. "Nimefunga vitambaa chini, mwenzangu anaumwa juu."

Alichemsha viazi viwili. Fundi viatu alipoviona vinatokota alisogeza kopo lake la gundi nyuma ya kiti.

"Cha nini tena?" aliuliza. "Mguu ni wa mbwa, wewe unataka kikwaru."

"Nakitoa nione chini yake. Njoo ushikilie."

"Mgongo leo."

"Shikilia kwa mgongo huo huo."

Alikuja. Alimkumbatia jogoo, akamfunika macho kwa kitambaa kama alivyofundishwa, akageuza uso pembeni. Bibi akachomeka kiazi, mvuke ukapanda. Aliketi kusubiri, maana ganda la kikwaru lililoota miaka haliachii upesi. Lakini hakusubiri. Alipogusa tu kiazi, ganda likaja nacho, likateleza lote kama kofia kubwa kwenye kichwa kidogo, na nyuma yake zikavutika nyuzi nyuzi za njano, ndefu, zinazonata.

Bibi alinusa. Nyumba ile ilinuka gundi tangu alipoolewa, pua yake ilikwisha kuacha kuisikia kama sikio linavyoacha kusikia saa ya ukutani. Lakini hii ilikuwa inatoka mguuni mwa jogoo.

"Mzee," alisema.

Fundi viatu alikuwa anatazama paa. "Bati lile..."

"Bati umelipigilia. Tazama huku."

Akatazama huku.

"Umembandika."

Alimbana jogoo kifuani. "Nilitaka ukirudi ukute kazi imekwisha," alisema. "Alikuwa anachana migongo ya mitetea, wewe haupo. Nikasema kisigino ni kisigino. Nikakata ncha, nikapiga tupa, kikawa kizuri, ungekiona. Halafu nikasema nikipinde kidogo kama wewe. Kikatoka chote. Na damu. Damu, mama, sikujua kuku ana damu nyingi hivyo."

"Ukakirudisha."

"Nilikibana dakika nzima, kama soli. Nikampaka na rangi ya viatu kiungo kisionekane." Aliutazama mguu. "Kilishika vizuri sana."

"Kilishika," Bibi alikubali. "Umemfungia moto ndani ya kiatu."

Alitaka kugomba. Alikuwa na maneno mengi, mengine ya tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, yaliyokuwa yakingoja nafasi kama hii. Lakini alimwona yule mzee ameshika jogoo kwa mkono mmoja, huku mkono mwingine, kwa woga tu, ukianza kunyofoa kiazi cha pili na kukipeleka mdomoni bila chumvi, na maneno yakamponyoka kwa kicheko. Akacheka mpaka akafuta macho kwa pindo la gauni. Kisha akaacha kucheka.

"Uliniambia mbwa. Nimekwenda kumtukana mtoto wa watu langoni kwake. Uongo, mzee mzima. Mimi sijakudanganya hata siku moja."

"Ile khanga ulisema ulipewa."

"Tunazungumza mguu. Shikilia."

Aliyapasha mafuta ya kupikia moto kidogo, akailainisha gundi na kuipangusa kidogo kidogo kwa pamba. Chini yake nyama laini ilikuwa imefunga usaha. Akaukamua, akaosha kwa maji ya chumvi, akapaka dawa ya kidonda ile ya kahawia. Kilichobaki ni kukilinda kile kikwaru kidogo kisigonge wala kisidonolewe na mitetea, nayo mitetea haiwezi kuona kitu chekundu ikakiacha. Kitambaa kililowa na kuteleza.

Fundi viatu alitoka, akaketi kitini pake. Aliporudi alikuwa na kikofia cha ngozi laini ya ndani ya kiatu cha kike, kirefu kama kidole cha mtoto, chenye matundu ya hewa na uzi wa kufungia juu na chini.

"Nimeshona tu," alisema. "Hakuna gundi."

Bibi alikivalisha. Kilikaa. Alikitazama, akakigeuza, akatafuta kosa.

"Mshono umepinda," alisema, na huo ulikuwa msamaha.

*

Mwenyekiti aliweka mguu chini, mwanzo kwa heshima, baadaye kwa dharau, kama zamani. Uvimbe ukashuka. Wakambadilishia kikofia na kuosha chini yake, mzee akashona vingine viwili vya akiba. Siku alipotolewa kwenye tenga alizunguka ua mzima akiangalia nani alikaa wapi bila ruhusa yake, kisha akamkimbiza mtetea mweupe nyuma ya pipa la maji, na Bibi, aliyekuwa anachambua mboga, akageuka upande wa pili kwa adabu.

Kulikuwa na jambo moja tu halijakaa sawa. Kila asubuhi Fundi Cherehani alibisha uzio na kikapu cha pumba.

"Mgonjwa anaendeleaje, Bibi?"

"Anajikongoja."

"Jeshi namwambia kila siku. Jana kamba ameikata. Watu siku hizi hawapiti hata karibu na dirisha langu." Alilisema hilo la mwisho kwa masikitiko makubwa, na meno yake yote yalionekana.

Bibi alikusudia kumwambia ukweli siku ile ile gundi ilipotoka. Alivaa hata viatu. Lakini pumba zilikuwa zimekwisha kufika, zimemwagwa, mitetea imekwisha kuzila, na mtu hawezi kurudisha pumba zilizoliwa. Akasema kesho. Kesho yake zikaja nzuri zaidi, zimechanganywa na chenga za mahindi.

"Umemwambia?" mumewe aliuliza.

"Bado."

"Mimi ni mwongo. Wewe unaitwaje?"

"Mimi nimechelewa," Bibi alisema. "Kuchelewa ni kitu kingine."

*

Mwisho wa mwezi Mama Mashine alikuja na baiskeli, trei tupu zimefungwa nyuma. Mwana naye alikuja, amesimamisha pikipiki nje, namba ya mwenye gari tayari kwenye simu. Hakuna aliyemkaribisha kiti, maana viti vilikuwa viwili.

Mama Mashine hakusalimia mtu. Alichuchumaa mbele ya Mwenyekiti, akamtazama akitembea kwenda, akamtazama akitembea kurudi. Akamshika, akamgeuza, akafungua kikofia cha ngozi, akabonyeza. Mwenyekiti alimtazama kwa jicho moja kama anayemhesabia makosa.

"Hakuna joto," alisema. "Kikwaru kinakomaa. Kazi safi. Nani ameshona hiki?"

"Mimi," fundi viatu alisema, akanyoosha shingo.

"Shikamoo, mzee. Sasa, Bibi, niambie kitu kimoja, na nakuuliza kwa sababu ya mashine. Mguu ulivimba, kikwaru kimetoka. Kuna maradhi yanaanza hivyo hivyo. Huyu alifanywa nini hasa?"

Bibi alimtazama mumewe. Mumewe alimtazama kwa macho ya mtu anayengoja kuchinjwa. Mlangoni mwanawe alikuwa anasikiliza, kidole juu ya simu. Mtu anayejiita mganga wa miguu ya majogoo, na ndani ya nyumba yake jogoo amebandikwa kwa gundi ya viatu: habari hiyo ingefika mtaa wa pili kabla ya trei.

"Mbwa," Bibi alisema, shwari kabisa. "Wa jirani. Ana mbwa mbaya yule, mtaa mzima unamjua. Alimng'ata hapo hapo kwenye kikwaru, akakivuta, kikachomoka. Mzee wangu ndiye aliyemfukuza, na kiatu."

Fundi viatu alianza kukohoa.

"Basi si maradhi," Mama Mashine alisema, na mabega yake yakashuka. Aliingiza mkono chini ya mtetea aliyeatamia, akatoa yai, akaliweka juu ya tochi. Ndani palikuwa na doa jeusi, na kutoka kwenye doa mishipa midogo myekundu imetawanyika kama mizizi ya mche. Akatoa la pili. La tatu aliliangalia muda mrefu, kwa kupenda tu. Wakati huo huo nyuma ya pipa la maji mtetea mweupe alipiga kelele, na Mwenyekiti akatokea akijikung'uta.

"Hilo nalo nimeliona," Mama Mashine alisema.

Alijaza trei mwenyewe, akazifunga kwenye baiskeli kwa mpira, akavuta kuona kama zimekaza. Mwana alitia simu mfukoni. Akanong'ona, "Mama, na kile chumba, basi nirudishe nyaya?"

"Rudisha," Bibi alisema. "Nyaya nazo zinahitaji pa kulala."

Hapo ndipo uzio ulipobishwa, na Fundi Cherehani akaingia na kikapu cha pumba. Nyuma yake, akiburuta kipande cha kamba, aliingia Jeshi.

Mama Mashine aliruka nyuma ya baiskeli. "Shikeni huyo."

"Jeshi, rudi," kijana alisema, uso umembadilika, kikapu kimemponyoka. "Rudi nyumbani. Bibi, amekata kamba kweli leo, sikujua ananifuata, usimwangalie machoni..."

Jeshi hakumwangalia mtu machoni. Alikuwa mbwa mkubwa, mzee, mwenye mvi kidevuni, na alikuja katikati ya ua akipepesuka, akaketi juu ya pumba zilizomwagika, akapiga miayo. Akaipiga mirefu, ya mtu aliye nyumbani kwake. Mwenyekiti alimwendea, akanyoosha shingo, akamdonoa pua. Jeshi akalia kidogo, akajificha nyuma ya miguu ya bwana wake.

Mama Mashine alitoka nyuma ya baiskeli. Midomo alikwisha kuifungua mingi maishani mwake, na mikono yake ikaenda yenyewe. Alichuchumaa, akainua mdomo wa juu wa mbwa kwa kidole gumba, akainua wa chini. Fizi zilikuwa za waridi, laini, safi kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama za yule mtoto aliyezaliwa kwa fundi umeme.

Fundi Cherehani alikuwa ameshughulika sana kuokota pumba, moja moja.

Mama Mashine aliurudisha mdomo wa Jeshi mahali pake, akafuta kidole kwenye koti. Trei hakuzigusa. Alivuta kigoda, akaketi, akampakata Mwenyekiti magotini, akaunyoosha ule mguu wenye kikofia cha ngozi.

"Haya, Bibi," alisema taratibu. "Alimng'ata na nini?"

Mumewe alimtazama. Mwanawe alimtazama. Hata jogoo alimtazama.

Bibi Shikilia alinyanyua uso akatazama paa la baraza.

"Bati lile," alisema, "linahitaji msumari."